Peke Yako Katika Mji wa Ugenini: Mwongozo Kamili wa Kukabili Mikasa na Kuzipata Raha Ndogo za Safari

Tofauti kubwa kati ya msafiri aliye peke yake na yule anayefuatana na wenzake haiko kwenye hatari za mji, kwa kuwa mji ni uleule. Iko kwenye kazi ndogondogo ambazo watu wawili hugawana bila hata kutambua kwamba wanagawana. Mmoja hulinda mizigo mwenzake anapokwenda msalani, mmoja husoma ramani mwenzake akitazama njia, na mmoja akiugua mwingine hutoka kutafuta dawa. Anayesafiri peke yake hana huyo mtu wa pili, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuziba nafasi yake: kwa karatasi, kwa mpangilio, kwa muda wa ziada, na mara nyingine kwa kumwomba msaada mtu usiyemjua. Nafasi hiyohiyo iliyo wazi ndiyo inayozaa raha za safari ya namna hii, nazo tutazifikia.

Kabla ya kuondoka

Kanuni ya kwanza ni kwamba kitu kimoja kikipotea kisiondoke na vingine. Beba angalau kadi mbili za benki, na ni bora ziwe za benki mbili tofauti; moja ikae kwenye pochi unayotoka nayo, na nyingine ibaki chumbani pamoja na fedha taslimu zinazotosha malazi na chakula cha siku mbili. Toa nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha na nakala ya viza, kisha uweke nakala ya karatasi mbali na pasipoti yenyewe na kujitumia nyingine kwa barua pepe.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Akaunti nyingi za barua pepe siku hizi hazifunguki kwenye kifaa kigeni mpaka uingize namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako, na simu hiyo ndiyo iliyoibwa. Kabla ya safari, ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti, zitoe zile namba za akiba zinazotumika simu isipokuwapo, uziandike kwenye karatasi na kuzihifadhi pamoja na ile kadi ya pili. Kwenye karatasi hiyohiyo andika namba za simu za watu wawili wa karibu, maana wachache leo wamehifadhi kichwani hata namba ya mzazi. Andika pia namba ya benki ya kufungia kadi, ile inayopigika kutoka nje ya nchi, kwa sababu namba za bure za ndani mara nyingi hazipatikani ukiwa ughaibuni. Mwisho andika IMEI ya simu yako, yaani utambulisho wenye tarakimu 15 unaotokea kwenye kioo ukibonyeza *#06#. Polisi na kampuni ya simu wataihitaji.

Kagua tarehe ya mwisho ya pasipoti, kwa kuwa nchi nyingi hutaka ibaki na angalau miezi 6 ya matumizi. Kagua pia aina ya viza: ile ya kuingia mara moja huisha nguvu ukivuka mpaka kwa matembezi ya siku moja tu, jambo ambalo msafiri huligundua akiwa tayari upande wa pili. Katika nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

Betri ya akiba, yaani pawabenki, hairuhusiwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege; ibebe mkononi. Kikomo cha kawaida kisichohitaji kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100, na hesabu yake ni rahisi: yenye mAh 20,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 74. Chaja nayo isome maandishi yake madogo. Ikiandikwa 100–240V unahitaji kibadilisha plagi tu. Kikaushio cha nywele cha volti 120 ukikichomeka kwenye umeme wa volti 230 kitaungua.

Kisha mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba yako, na mkubaliane mambo mawili: utatuma ujumbe lini, na yeye afanye nini ujumbe huo usipofika. Makubaliano ya kwanza bila ya pili huzaa wasiwasi tu. Mwambie wazi kwamba ukinyamaza mpaka saa fulani apige simu mapokezi ya mahali ulipofikia, na wakikosa habari zako awasiliane na ubalozi. Bima ya safari nayo isome kabla, hasa kipengele cha matibabu, kwa kuwa kampuni nyingi hutaka kuarifiwa kabla mgonjwa hajalazwa. Namba yao ikae kwenye ile karatasi.

Saa za kwanza baada ya kutua

Uamuzi wowote unaofanywa baada ya safari ndefu ya ndege huwa dhaifu, na anayesafiri na mwenzake angalau hupata mtu wa kubishana naye. Wewe amua kabla hujaondoka: utatoka uwanjani kwa chombo gani, utashuka kituo gani, na ukikikosa utatumia njia ipi ya pili. Chagua ndege inayotua mchana ikiwezekana. Isipowezekana, nyumba ya kulala usiku wa kwanza iwe karibu na kituo kikubwa hata kama haipendezi, kisha uhamie unapopapenda kesho yake.

Anwani ya unapofikia uwe nayo kwa maandishi ya nchi ile, si kwa herufi zako tu, kwa sababu dereva asiyesoma herufi za Kilatini hawezi kusaidiwa na matamshi yako. Fedha za kuanzia zitoe kwenye mashine iliyo ndani ya benki au ukumbi wenye watu. Mashine ikikuuliza kama ikukate kwa sarafu ya nchi yako au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo, kwa kuwa ukichagua ile ya kwanza kiwango cha kubadilishia hupangwa na mwenye mashine, na kwa kawaida hakikufai wewe. Swali hilohilo utaulizwa madukani na jibu ni lilelile.

Ukinunua laini ya simu ya kule, usiitupe ya nyumbani. Namba za uthibitisho za benki zitaendelea kutumwa huko, basi iache ikiwa hai kwenye nafasi ya pili ya simu.

Chumbani, hakikisha mlango unafunga kwa ndani, na hesabu milango iliyopo kati ya chumba chako na ngazi ya dharura, ili uweze kuifikia hata kukiwa na moshi au giza. Mhudumu wa mapokezi akitaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu, unaweza kuomba chumba kingine kwa upole. Hilo si ombi la ajabu. Kisha, hata ukiwa umechoka, zunguka mtaa huo mara moja kwa miguu kukiwa bado na mwanga, uone duka la dawa liko wapi, kituo kiko wapi, na kona ipi inaonekana vipi. Matembezi hayo yana faida ya pili: mwanga wa mchana ndio unaoirudisha saa ya mwili mahali pake, kazi inayochukua takriban siku moja kwa kila ukanda wa saa uliouvuka, na ni ngumu zaidi kwa anayeelekea mashariki.

Jambo moja ambalo miongozo huliruka nalo ni kuvuka barabara. Aliyekulia nchi ambayo magari hupita kushoto hutazama kulia kwanza bila kufikiri, na mazoea hayo humweka hatarini mahali magari yanapopita kulia. Anayetoka nchi za kulia hukosea vivyo hivyo kwa upande wa pili, na ndiyo maana kwenye vivuko vingi vya London, ambako magari hupita kushoto, kumeandikwa barabarani upande wa kutazama. Kwenye miji isiyo na maandishi hayo, tazama pande zote mbili kila mara, na tazama tena kwa ajili ya baiskeli, ambazo hazisikiki.

Kupotea

Utapotea. Tofauti iliyopo ni kupotea mchana ukiwa na muda na kupotea usiku ukiwa na haraka, na karibu kila ushauri wa maana unalenga kukuondoa kwenye hali ya pili na kukuweka kwenye ya kwanza. Pakua ramani ya mji mzima kwenye simu kabla ya kutoka, kwa kuwa simu hutambua mahali ilipo kwa setilaiti na haihitaji intaneti kwa kazi hiyo. Unapopanda treni au basi, andika jina la kituo chako pamoja na la kituo kinachokitangulia. Hilo la pili ndilo linalokuamsha kwa wakati.

Ukigundua kwamba hujui ulipo, usisimame ukingoni mwa njia ukiinamia simu. Ingia ndani ya duka, ukumbi wa hoteli au duka la dawa, ndipo utazame ramani kwa utulivu. Ukihitaji kuuliza, muulize mtu ambaye kazi yake imemfunga mahali pamoja, kama muuzaji au mlinzi, badala ya yule aliyekuja kwako bila kuitwa. Namna ya kuuliza nayo ni muhimu kuliko lugha: ukisema “Kituo ni huku?” huku ukionyesha kidole, watu wengi watakubali kwa adabu tu hata wasipojua, ukisema “Kituo kiko wapi?” asiyejua hana cha kukubali, na anayejua atanyoosha mkono.

Aliyepanda treni ya kuelekea kusiko ashuke kituo kinachofuata na kuvuka upande wa pili. Kubaki ndani ukitumaini kwamba njia itapinda ni kuongeza umbali. Usitupe tiketi mpaka utoke nje kabisa, kwa sababu katika mifumo mingi lango la kutokea huidai. Mahali penye mashine ndogo ya kugonga tiketi, tiketi uliyoilipia bila kuigonga huhesabiwa kuwa si halali, na mkaguzi hatasikiliza kwamba wewe ni mgeni.

Ukishayajua hayo, kupotea kwa makusudi ni raha isiyopatikana kirahisi ukiwa na mwenzako. Tafuta njia ya usafiri inayozunguka na kurudi ilipoanzia. Treni ya Yamanote mjini Tokyo huzunguka vituo 30 kwa takriban saa moja, na hata ukisinzia itakurudisha. Kivuko cha Staten Island mjini New York huchukua dakika 25 kila upande, hakilipishwi, na hupita mahali Sanamu ya Uhuru inapoonekana vizuri. Kaa dirishani tu, usishuke kwa sababu ya kivutio, shuka kwa sababu mtaa umekupendeza. Hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Mzigo usipofika

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kuandikisha taarifa kwenye kaunta ya shirika la ndege na kupewa namba ya kumbukumbu. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika kwenye safari nyingi za kimataifa, unaweka muda wa malalamiko ya maandishi: siku 7 tangu ulipopokea mzigo kama umeharibika, na siku 21 tangu ulipokabidhiwa kama ulichelewa. Mzigo usipofika ndani ya siku 21 unaweza kudai kwamba umepotea, na kesi yoyote lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2. Tunza risiti za vitu vya lazima unavyonunua ukisubiri, na uwe na picha ya sanduku kwenye simu, kwa kuwa maelezo ya “jeusi, la wastani” yanafaa nusu ya masanduku yaliyomo ukumbini. Nguo moja ya kubadili, dawa na chaja vikae kila mara kwenye mfuko wa mkononi.

Simu, kadi na pasipoti

Simu ikiibwa, fuata mpangilio huu: kwanza zuia laini, kwa sababu mwizi mwenye laini anaweza kupokea namba za uthibitisho za benki, pili funga kadi, tatu ifunge simu yenyewe kwa kutumia kompyuta ya mapokezi na zile namba za akiba, mwisho nenda polisi. Watu wengi huanza na polisi, na saa mbili za kusubiri foleni humpa mwizi muda wa kutosha.

Pasipoti ikipotea, polisi huja kwanza, kwa kuwa ubalozi utaomba karatasi yao. Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963 unaitambua kazi ya konseli, yaani afisa anayehudumia raia wa nchi yake ughaibuni, ya kutoa pasipoti na hati za kusafiria kwa raia wake, na unampa raia aliyekamatwa haki ya kuomba konseli wake aarifiwe. Konseli hatakulipia hoteli wala hatakutoa rumande. Atakupa hati ya dharura, orodha ya mawakili, na njia ya kuwafikia ndugu. Nchi yako isipokuwa na ubalozi mahali ulipo, tafuta kabla ya safari ni ubalozi wenu ulio katika nchi ipi jirani unaoshughulikia mji huo.

Kosa lisilojulikana sana ni hili: pasipoti iliyotangazwa kupotea kisha ikapatikana chini ya godoro haifai tena. Taarifa yake huweza kuingizwa kwenye hifadhidata ya Interpol ya hati zilizoibwa au kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002, na ukiionyesha mpakani utazuiwa. Basi ipekue mizigo yote, mfuko kwa mfuko, kabla ya kutoa taarifa.

Kuugua bila mtu wa kukuuguza

Anza kwa kumwarifu mtu. Waambie mapokezi kwamba unaumwa na uwaombe wakugongee mlango saa fulani. Ni jambo dogo kwao, na kwako ndiyo nafasi ya yule mwenzako. Kwa kuharisha, maji ya chumvi na sukari huandaliwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Damu kwenye choo, homa kali, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida havisubiri asubuhi. Kama umetoka au umepita nchi yenye malaria, mwambie daktari bila kuulizwa, hata kama ni wiki au miezi kadhaa iliyopita, kwa kuwa mahali ambapo ugonjwa huo haupo daktari anaweza asiufikirie kabisa.

Namba ya dharura ijue kabla: 112 hutumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 911 nchini Marekani, na Japani ina 110 ya polisi na 119 ya zimamoto na ambulensi. Dawa zako zibaki kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, na uchunguze sheria za unakokwenda. Japani, kwa mfano, haikubali dawa zenye amfetamini ziingizwe hata kwa cheti.

Matapeli

Mbinu zao ni nyingi lakini karibu zote huhitaji usimame na uharakishwe. Mmoja atakuonyesha doa kwenye koti lako huku mwingine akiwa nyuma. Dereva atakuambia hoteli yako imefungwa. “Polisi” asiye na sare ataomba kukagua pochi yako. Endelea kutembea. Kwa huyo wa mwisho, sema kwamba utaionyesha kituoni; askari wa kweli hatalikataa hilo. Anayekuuliza kama uko peke yako ajibiwe kwamba mwenzako anakusubiri hapo mbele. Huyo ndiye mtu wa pili pekee unayeruhusiwa kumbuni.

Upweke, na raha zake

Upweke haujagawanyika sawa kwa siku nzima. Huja jioni, hasa mezani, mahali palipojaa makundi. Fanya mlo mkubwa uwe wa mchana, saa ambazo wafanyakazi wengi nao hula peke yao, na jioni ukae kwenye kaunta au dirishani. Simu za nyumbani zipangiwe saa yake. Anayezungumza na nyumbani kutwa nzima huwa hajaondoka. Picha za mahali ulipo zitume baada ya kuondoka hapo.

Siku ya kwanza au ya pili, jiunge na matembezi ya kuongozwa kwa miguu. Utaijua sura ya mji, na kama ukipenda utapata wa kuzungumza naye. Baada ya hapo usijaze ratiba. Kwa maoni yangu mambo mawili kwa siku yanatosha, moja la asubuhi na moja la mchana, na yanayobaki yajitokeze yenyewe. Rudi mahali palepale kwa kifungua kinywa kila siku, kwa kuwa asubuhi ya tatu mhudumu atakuwa amekwisha kujua unachoagiza, na kujulikana huko kidogo hubadilisha mji mzima. Kwenye jumba la makumbusho simama mbele ya kitu kimoja kwa muda unaoutaka, hata nusu saa, kisha utoke bila kuyaona mengine. Ingia maktaba ya umma, kakate nywele kwa kinyozi msiyeelewana lugha, kaa kwenye benchi la bustani saa za shule kutoka. Ukitaka kupigwa picha, mwombe mzazi mwenye watoto. Hatakimbia na simu yako.

Siku ya kuondoka

Soma jina la uwanja wa ndege, si la mji tu. London ina viwanja kadhaa vinavyobeba jina lake, na Narita iko takriban kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo ilhali Haneda iko ndani ya mji. Aliyekwenda kusiko haokolewi na teksi. Omba mapokezi wakutunzie sanduku, uitumie asubuhi ya mwisho kurudia mahali ulipopapenda badala ya kukimbilia kipya, na uwe na saa moja zaidi ya ile unayodhani inatosha, maana hakuna wa kukushikia foleni. Sarafu za chuma zitumie kabla ya lango la uhamiaji, kwa kuwa maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hupokea noti pekee.